Radi na Mafuriko ya Masika: Onyo Lisiishie Redioni

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Siku hizi dalili hujulikana hata kabla ya mawingu kutanda, kwa kuwa zipo setilaiti angani, rada vilimani na wataalamu wa kuzisoma. Hata hivyo, wako watu ambao kila masika huchukuliwa na maji wakiwa usingizini. Sababu mojawapo ni kwamba onyo hutangazwa, likasikika, kisha likaishia redioni. Halikugeuzwa kuwa kazi ya nyumbani.

Tuitazame Busanza, katika sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro, mashariki ya jiji la Kigali. Ni mahali penye nyumba nyingi mpya, na hasa mwaka 2022 palipokea familia nyingi zilizohamishwa kutoka Kangondo na Kibiraro. Jirani yake ni kambi ya jeshi ya Kanombe, na uwanja wa ndege ambako wapimaji wa hali ya hewa huandika kiasi cha mvua, nguvu ya upepo na joto, usiku na mchana. Ni watu wachache nchini wanaoishi karibu na kipimo cha mvua kama wakazi wa hapa. Lakini kukaa karibu na kipimo si kinga, iwapo mfereji wa nyuma ya nyumba umezibwa na takataka.

MVUA YA NGURUMO HUZALIWAJE

Masika ya Rwanda, ambayo Wanyarwanda huyaita itumba, huanza mwezi Machi na kuendelea hadi Mei. Aprili kwa kawaida ndio mwezi wenye mvua nyingi. Wakati huo upepo huleta unyevu kutoka Ziwa Victoria na kutoka misitu ya Kongo. Jua la asubuhi huipasha ardhi joto, hewa yenye unyevu hupanda juu ya vilima, hupoa, na kuwa wingu. Hewa ikiendelea kupanda kwa nguvu, wingu hilo hurefuka kama mnara hadi kupita kilomita 12 angani. Humo ndimo hutoka radi, mvua ya mawe na upepo wa ghafla.

Wingu la namna hiyo huweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Ndiyo maana Busanza huweza kulowa chapachapa huku Nyamirambo vumbi likitimka. Hakuna mtaalamu awezaye kukitaja kilima kimoja siku tatu kabla na kusema ndicho kitakachopigwa. Asiyelielewa jambo hili huona kwamba watabiri wamemdanganya, na siku ya onyo la kweli hupuuza.

NGAZI NNE ZA UTABIRI

Utabiri una ngazi nne, na kila ngazi ina kazi yake nyumbani.

Ngazi ya kwanza ni utabiri wa msimu. Kabla ya masika, wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana chini ya kituo cha ICPAC chenye makao yake Kenya. Hutazama joto la bahari za Hindi na Pasifiki, kisha Meteo Rwanda hutoa utabiri wa nchi. Wakisema uwezekano wa mvua kuzidi kawaida ni asilimia 45, hawasemi kwamba itazidi kwa hakika. Wanasema kwamba katika misimu 100 yenye dalili kama hizi, yapata 45 huwa na mvua ya kuzidi. Kazi ya ngazi hii ni kubwa na huhitaji muda: kutengeneza paa, kujenga ukuta wa kuzuia udongo, kuzibua mifereji. Siku ya umuganda ni nafasi njema ya kuifanya pamoja na majirani, kwa sababu maji hayaheshimu mpaka wa kiwanja.

Ngazi ya pili ni utabiri wa siku 10, ambao hutaja milimita zinazotarajiwa katika kila eneo. Hapo mama au baba wa nyumba atazame kama udongo umekwisha kulowa. Ardhi iliyokwisha kushiba hainywi tena. Mvua ya wastani juu yake huweza kuleta maafa.

Ngazi ya tatu ni utabiri wa siku moja. Hapa hupangwa safari, kazi za shamba na njia ya watoto kurudi kutoka shuleni.

Ngazi ya nne ni onyo la saa chache. Rada iliyopo Maranyundo, wilayani Bugesera, huona mvua ikitembea, nazo setilaiti hutuma picha kila baada ya robo saa au upesi zaidi. Onyo hili ndilo la hakika zaidi, lakini ndilo lenye muda mfupi kuliko yote. Aliyefanya kazi za ngazi tatu zilizotangulia ndiye atakayefaidika nalo.

MAJI YA PAA MOJA

Wengi hawajui uzito wa neno milimita. Milimita 1 ya mvua juu ya eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8 ina mita za mraba 80. Ikinyesha milimita 50, paa hilo pekee humwaga lita 4,000, sawa na mapipa 20 ya lita 200. Nyumba 10 zilizopangana mtelemkoni humwaga mapipa 200, na yote huelekea kwa mwenye nyumba ya chini. Hivyo mlizamu wa bati na tangi la kuvunia maji si pambo, na shimo la kupokea maji humlinda jirani pamoja na mwenyewe.

Tusisahau yaliyokwisha kutokea. Siku ya Krismasi mwaka 2019 mvua kubwa iliua watu 12, wengi wao katika jiji la Kigali. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, Mto Sebeya ulifurika wilayani Rubavu na vilima vikaporomoka katika wilaya za magharibi na kaskazini; zaidi ya watu 130 walifariki. Wengi walikutwa majumbani mwao, na ardhi ilikuwa imelowa tangu siku za nyuma.

RADI NAYO HAINA MZAHA

Tarehe 10 Machi 2018 radi ilipiga kanisa wilayani Nyaruguru, ikaua watu 16. Sauti ya ngurumo husafiri kilomita 1 kwa sekunde 3 hivi. Ukiona mmweko, anza kuhesabu. Ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 nawe umo hatarini. Ingia ndani ya nyumba, kaa mbali na madirisha na mabomba, chomoa redio na televisheni kabla tufani haijafika. Usijikinge chini ya mkaratusi. Usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

ANAYELINDA TAIFA NA WALIOBAKI NYUMBANI

Familia za askari na polisi zina shida yao maalumu. Mvua kubwa ikinyesha usiku, huenda baba au mama yuko lindoni, au anawaokoa watoto wa wengine. Walio nyumbani hawawezi kungoja amri yake. Kwa hiyo amri itolewe mapema, wakati jua linawaka, nayo iandikwe kama zamu inavyoandikwa kambini.

Amri hiyo itaje mambo manne. Nani atakayeamua kuhama asipokuwapo mkuu wa nyumba. Dalili zipi zinazolazimu kuhama bila kujadiliana: ufa mpya ukutani au mtelemkoni, mlango uliokuwa mwepesi ukaanza kukwama, maji ya mfereji kugeuka matope ghafla. Mahali pa kwenda, ambapo ni nyumba ya jirani iliyo mbali na ukingo, wala si bondeni. Na nani atakayembeba mtoto mchanga, nani atakayemshika mkono bibi.

Vyeti, kadi za kliniki na tochi viwekwe katika chombo kimoja chenye kifuniko. Namba 112 ya polisi na 912 ya gari la wagonjwa zijulikane hata na mtoto wa darasa la pili. Maji yakiwa yamefunika barabara, asivuke mtu, hata kama ng'ambo panaonekana karibu.

Mtabiri amekwisha kufanya kazi yake anaposema mvua inakuja. Kazi iliyobaki ni ya kila nyumba, nayo huanza jioni hii, kwa mtu mmoja kushika jembe na kwenda kuutazama mfereji. Tahadhari kabla ya hatari.