DHORUBA ZA MASIKA NA MATAYARISHO YA NYUMBA

Kila masika yanapokaribia, wakaazi wa Unguja na Pemba hushughulishwa zaidi na mvua, mafuriko na maradhi ya kuharisha. Ni haki yao. Hata hivyo, msimu huohuo unaweza kuleta kimbunga, jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni la Madagaska na Msumbiji peke yake.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaharibu vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na baadaye ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Tarehe kama hiyo, mwaka 1952, kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Na mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimepungua nguvu. Matukio yote matatu yalikuwa ya wakati wa masika.

Kimbunga hupata nguvu kutokana na bahari yenye joto la nyuzi 26 na zaidi. Ili upepo uzunguke, huhitaji pia athari ya mzunguko wa dunia, ambayo karibu na Ikweta ni dhaifu mno. Pemba ipo kiasi cha digrii 5 kusini ya Ikweta na Unguja kiasi cha digrii 6. Ndiyo sababu vimbunga huku ni adimu, na ndiyo sababu pia nyumba nyingi hazikutayarishwa.

Paa litazamwe kwanza. Upepo mkali haulikandamizi paa bali hulinyanyua, hasa ukipata mlango au dirisha la kuingilia. Mabati ya ukingoni ndiyo yanayotangulia kung'oka. Misumari iliyolegea ipigiliwe upya, kenchi zifungwe ukutani kwa waya madhubuti, na makuti yaliyochakaa yabadilishwe kabla mvua hazijaanza. Ada ya kupanga mawe juu ya mabati haifai: bati likinyanyuka, mawe hayo huwaangukia wenye nyumba. Minazi mikavu iliyo karibu na nyumba ikatwe mapema.

Maji yasisahauliwe. Umeme ulipokosekana Unguja kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, pampu nazo zilisimama. Kila nyumba iweke maji safi katika madumu yenye vifuniko, pamoja na tochi, redio ya betri na chakula kisichohitaji kupikwa. Vyeti na hati zifungwe ndani ya plastiki. Maji ya kisima kilichoingiliwa na mafuriko yachemshwe, hata yakionekana meupe.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Wavuvi wasingojee ngazi ya mwisho kuvuta vyombo vyao pwani. Ikiwa kitovu cha kimbunga kitapita juu ya kisiwa, upepo hutulia ghafla, kisha hurejea kwa nguvu kutoka upande wa pili. Utulivu huo usimtoe mtu nje.

Watumishi wa Serikali wanakumbushwa kuyainua majalada kutoka sakafuni, kuchomoa mitambo ya umeme na kufunga madirisha kabla ya kuondoka ofisini. Masheha nao wawe na orodha ya wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu wanaoishi peke yao, na wapangiwe mapema nani atakayewachukua na watapelekwa nyumba gani.

Atakayeona waya wa umeme umeanguka asiuguse wala asiusogelee, bali atoe taarifa kwa Sheha wake au kwa Shirika la Umeme.