Mtu Asiyeonekana katika Filamu

Watoto, mkiisha kutazama sinema, mnajua majina ya wachezaji. Mnasimuliana nani alipiga mbio na nani alianguka mtoni. Lakini majina mengine mengi hupita upesi juu ya kitambaa cheupe, na hakuna anayeyasoma. Leo tutamjua mmoja wa watu hao. Kazi yake ilimfikisha hata katika nchi yetu ya Kongo.

Mtayarishaji ni nani? Ni mtu anayeianza filamu na kuimaliza. Hununua ruhusa ya kutumia hadithi. Hutafuta fedha, huchagua mwongozaji na wachezaji, na huandika mapatano nao. Filamu ikiwa tayari, huiuza kwa wenye majumba ya sinema.

Pamoja naye yuko msimamizi wa kazi. Huyu huhesabu mambo ya kila siku: vyakula, vitanda, dawa, mashua, mishahara. Tuchukue mfano. Watu 40 wakila mara 3 kwa siku, kwa siku 30, wanahitaji sahani 3,600 za chakula. Chakula kikikosekana, kamera inalala, lakini mishahara haikomi.

Sam Spiegel alizaliwa mwaka 1901 katika mji wa Jarosław, ulio leo katika nchi ya Poland. Alifanya kazi ya filamu mjini Berlin. Mwaka 1933 Hitler alipotawala, Spiegel alikimbia, kwa sababu alikuwa Myahudi. Mwishowe alifika Marekani. Huko alishirikiana na mwongozaji John Huston, wakaanzisha kampuni.

Mwaka 1951 walikuja kutengeneza filamu iitwayo The African Queen. Hadithi yake ni ya mwanamume na mwanamke waliosafiri kwa mashua ndogo wakati wa vita ya 1914. Wachezaji wakubwa walikuwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn.

Je, walifanyia kazi wapi? Fikirini mito yetu. Maji ya mto Lubumbashi huingia Kafubu, kisha Luapula, kisha ziwa Mweru. Kutoka huko hushuka kwa mto Luvua mpaka Lualaba. Lualaba hupita Ubundu, mji ulioitwa zamani Ponthierville. Karibu na hapo, kando ya mto Ruiki, mahali paitwapo Biondo, walijenga kambi yao msituni.

Taabu zilianza mara moja. Kamera ya picha za rangi ilikuwa kubwa na nzito, na mashua ilikuwa ndogo. Basi wakafunga vyelezo, yaani mbao zilizounganishwa ili zielee. Kimoja kilichukua kamera na taa, kingine vyombo vya kunasa sauti, kingine mtambo wa umeme. Vikafuatana mtoni kama mabehewa nyuma ya gari moshi.

Tena mashua yenyewe ilizama, ikabidi kuitoa majini. Siafu wakaingia kambini. Maji ya kunywa hayakuwa safi; watu wengi wakaugua tumbo, na Hepburn aliugua sana. Walifanya kazi pia Uganda, kwenye ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Lakini mahali ambapo wachezaji huonekana wakiingia majini palipigwa picha karibu na London, ndani ya tangi. Maji ya mito yetu yana kichocho na mamba, na mchezaji akiugua kazi yote husimama.

Filamu ilipendwa sana, na Bogart akapewa tuzo kubwa ya Marekani, iitwayo Oscar. Baadaye filamu tatu za Spiegel zilipata Oscar ya filamu bora: ya mwaka 1954, ya 1957 na ya 1962.

Ile ya 1957, The Bridge on the River Kwai, ilitengenezwa Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Walijenga daraja la kweli la miti ili walilipue treni ikipita juu yake. Siku ilipofika, treni ikaja. Lakini mpiga picha mmoja alikuwa hajatoa ishara kwamba amejificha mahali salama. Mwongozaji, David Lean, akakataza kulipua. Treni ikavuka daraja, ikatoka relini. Hasara ilikuwa kubwa, lakini hakuna aliyekufa. Wakairudisha treni relini, wakarudia kazi, na mpiga picha yule alikuwa mzima.

Je, Spiegel alikuwa mtu mwema katika yote? Hapana. Alipokuwa kijana alifungwa kwa sababu ya hundi zisizo na fedha. Hata baadaye alijulikana kwa kuchelewa kulipa madeni. Baada ya The African Queen, Huston aliuacha ushirika wao kwa sababu ya mambo ya fedha. Tunaweza kusifu bidii ya mtu bila kusifu makosa yake. Mwenye kushika mfuko wa watu wengi ameshika pia chakula cha watoto wao.

Spiegel aliendelea na kazi mpaka uzee. Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1983. Alikufa tarehe 31 Desemba 1985, akiwa na miaka 84.

Wazee husema: Kidole kimoja hakivunji chawa. Siku nyingine mkitazama sinema, msiondoke upesi. Someni yale majina yanayopita.

Maulizo
1. Mtayarishaji hufanya kazi gani? Na msimamizi wa kazi?
2. Kwa nini walifunga vyelezo?
3. Kwa nini Lean alikataza kulipua daraja siku ya kwanza?
4. Watu 25 wakila mara 3 kwa siku, kwa siku 20, wanahitaji sahani ngapi?