Ukoo wa Salis wa Uswisi: Sehemu ya Pili, Matawi Yake Katika Ulaya

Msomaji aliyefuatana nasi tangu sehemu ya kwanza atakumbuka kwamba chimbuko la ukoo wa Salis ni kijiji cha Soglio, juu ya bonde la Bregaglia, kusini-mashariki ya Uswisi, ambako ardhi ni haba na baridi ni kali, wala haiwezi kulisha nasaba kubwa. Leo twataka kubainisha jinsi watu wa nchi fukara namna hiyo walivyopata jaha katika madola ya wageni.

Sababu ya kwanza ni njia. Bonde lile huunganisha Italia na vipito vya Septimer na Maloja, hivyo tajiri aliyevusha bidhaa milimani hakuwa na budi kupita miongoni mwao. Na Mashirikisho Matatu ya Graubünden, ambayo bonde lile lilikuwa sehemu yake, yalipozitwaa nchi za Valtellina na Chiavenna mwaka 1512, watu wa ukoo huu walikuwa miongoni mwa maliwali na makadhi waliopelekwa kuhukumu huko, wakachuma mali na kujenga majumba ya fahari, hata Napoleon alipozitenga nchi hizo mwaka 1797.

Sababu ya pili ni upanga. Wafalme wa Ulaya walikuwa wakikodi askari wa Uswisi, na wana wa Salis waliwapelekea vikosi vizima. Tarehe 14 Julai 1789, Bastille iliposhambuliwa mjini Paris, miongoni mwa walioilinda walikuwamo askari wa kikosi cha Salis-Samade. Karne iliyofuata, Daniel von Salis-Soglio, mhandisi wa jeshi la Austria, alisimamia ujenzi wa ngome ya Przemyśl, ambayo leo imo katika Poland.

Tawi la Uingereza lilianza kwa udiplomasia. Peter de Salis alikuwa mjumbe wa Graubünden kwa Malkia Anne, na mwaka 1748 Kaisari Francis wa Kwanza akamtunukia cheo cha kabaila wa Dola Takatifu ya Kirumi. Mwanawe Jerome, aliyekwisha kupata uraia wa Kiingereza, alimwoa Mary Fane, binti wa mtukufu Viscount Fane, na kizazi chao kikastakiri huko.

Hata dini haikuwafunga katika upande mmoja. Mwaka 1847 Johann Ulrich von Salis-Soglio, ijapokuwa Mprotestanti, aliongoza jeshi la Sonderbund, yaani muungano wa majimbo saba ya Kikatoliki, akajeruhiwa na kushindwa huko Gisikon na majeshi ya Jenerali Dufour.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: heshima ya ukoo wa Salis haikutoka katika rutuba ya shamba, bali katika maarifa, ujasiri na utumishi, lakini sehemu ya utajiri wake ilitoka kwa raia wa Valtellina, waliotawaliwa karibu miaka mia tatu bila kuulizwa rai yao, na mwanahistoria mwadilifu hana ruhusa ya kutaja lile na kulinyamazia hili.