Ulinzi Unaozuia na Ulinzi Unaokumbuka

Hatua za kujikinga na ugaidi ambazo mkazi wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam hukutana nazo kila siku ni za namna mbili. Ziko zinazomweka mshambuliaji mbali: ukuta, geti, vizuizi vya zege, askari anayepitisha kioo chini ya gari. Nyingine huhifadhi habari: kitabu cha wageni, usajili wa laini za simu, kamera za barabarani. Geti halina haja ya kujua mtu anaitwa nani. Kumbukumbu haina maana bila jina lake, na kwa kuwa haijulikani mapema nani mwovu, huchukua majina ya wote. Ugomvi kati ya usalama na faragha uko hasa kwenye namna hii ya pili.

Thamani ya umbali ilionekana tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam ziliposhambuliwa kwa malori yenye mabomu, yakipishana kwa dakika chache tu. Ubalozi wa Nairobi ulikuwa katikati ya mji, barabara za Moi na Haile Selassie zinapokutana. Walinzi wa geti la nyuma walikataa kulifungulia lori, likalipukia nje. Lakini nje penyewe palikuwa ubavuni mwa jengo. Jumba la Ufundi, lililopakana na ubalozi, liliporomoka. Waliokufa Nairobi walizidi 200, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia. Maelfu walijeruhiwa, na wengi kati yao walikatwa na vioo, kwa sababu waliposikia milio ya kwanza walikimbilia madirishani kutazama. Dar es Salaam lori halikupenya, kwani langoni palikuwa na gari la maji. Huko walikufa watu 11. Tofauti hiyo haiwezi kuwekwa kwenye hesabu ya geti peke yake, maana ubalozi wa Dar haukuwa umebanwa na majumba na msongamano kama ule wa Nairobi. Hata hivyo kanuni ni ileile: shinikizo la mlipuko hushuka upesi mno kadiri mtu anavyokuwa mbali, na umbali ukiongezeka maradufu, shinikizo hupungua kwa zaidi ya nusu.

Mwaka 1999 Marekani ilitunga sheria iliyotaka balozi zake mpya zijengwe angalau futi 100, yaani mita 30 hivi, kutoka mpaka wa kiwanja. Ndiyo sababu ubalozi wa Nairobi ulihamia Gigiri, kwenye eneo kubwa nje ya katikati ya mji. Vizuizi vya zege na vyungu vizito vya maua mbele ya hoteli kubwa vina kazi hiyohiyo, ingawa wageni wengi huviona kama mapambo.

Kioo cha askari na kupekua buti ya gari vinamlenga mtu anayeingiza kitu kwa kificho. Havimwezi anayekuja akipiga risasi. Washambuliaji wa jengo la maduka la Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, waliingia kwa bunduki na maguruneti, na watu 67 wakauawa. Wenye bunduki walioshambulia hoteli ya DusitD2, pia Nairobi, tarehe 15 Januari 2019, walipiga risasi tangu pale getini. Walikufa watu 21. Mbele ya watu wa aina hiyo, askari asiye na silaha hununua sekunde chache, na mara nyingine huzilipia kwa uhai wake. Kwa siku za kawaida upekuzi umegeuka desturi: kifaa cha kupima chuma hulia kwa sababu ya funguo, na hakuna anayeuliza kilichokiliza.

Kumbukumbu huanzia palepale getini. Nchini Kenya, Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi ya 2016 inamruhusu askari kumtaka mgeni ajitambulishe, kuandika saa ya kuingia na kutoka, na kushika kitambulisho chake kwa muda. Habari hizo zinatakiwa zitumike kumtambulisha mgeni tu. Lakini kitabu chenyewe mara nyingi hulala wazi mezani, na kila anayefuata husoma jina, namba ya kitambulisho na ya simu ya aliyemtangulia. Gaidi anaweza kuandika jina lolote apendalo. Anayefaidi zaidi ni tapeli, kwa sababu mambo hayo matatu ndiyo anayoyatafuta anapotaka kuiteka laini ya mtu.

Usajili wa laini una uzito mkubwa zaidi. Tanzania ilianza kusajili kwa alama za vidole Mei 2019, sharti likiwa kitambulisho au namba ya NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, na laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Kwa kawaida kampuni ya simu haihifadhi maneno ya mazungumzo. Inajua nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, na simu ilikuwa chini ya mnara upi. Miezi michache ya habari kama hizo huonyesha mtu analala wapi, anasali wapi na anamtembelea nani. Kwa mpelelezi huo ni mgodi: baada ya shambulio la DusitD2, simu na miamala ya M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, zilikuwa miongoni mwa nyuzi zilizofuatwa kuwafikia washukiwa.

Kufuata uzi baada ya tukio na kumbashiri gaidi kabla ya tukio ni kazi mbili tofauti, na hapa hesabu ni katili. Chukua mji wa watu milioni 4 wenye magaidi 40, na mtambo unaokosea mara 1 tu katika kila watu 100. Mtambo huo utawanasa karibu magaidi wote, lakini pamoja nao utawanyooshea kidole watu 40,000 wasio na hatia. Kati ya kila washukiwa 1,000, mhalifu ni mmoja. Pale ambapo hata mtambo hakuna, na kabila au dini ya mtu ndiyo inayotumika kama dalili, mambo huwa mabaya zaidi. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, walikamatwa, na wengi wakashikiliwa katika uwanja wa Kasarani.

Mahakama za Kenya zimelipima suala hili la usalama na faragha kwa kipimo cha Katiba ya 2010, ambayo ibara yake ya 31 inalinda faragha. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria ya usalama iliyopitishwa Desemba 2014, ila kile kinachoruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano ili kuzuia ugaidi ikakiacha. Januari 2020 ilikataza Huduma Namba, mpango wa taifa wa kusajili watu, kukusanya vinasaba na mahali halisi pa makazi ya mtu. Swali lililorudiwa ni kama hatua ina msingi wa sheria, inahitajika kweli, na kama haipo njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya 2019. Ya Tanzania ilitungwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa aseme azitakia nini, achukue zinazohitajika tu, na asizihifadhi kupita haja hiyo. Masharti hayo humfikia mwenye jengo na kitabu chake cha wageni sawa na benki. Dola ina nafasi pana zaidi: sheria ya Kenya inaondoa masharti mengi pale usalama wa taifa unapohitaji, na mpaka wa mahitaji hayo huendelea kuchorwa mahakamani, kesi moja baada ya nyingine.