Je, Wajua? Seremala wa Seesen na piano ya jikoni

Je, wajua kwamba familia ya Steinway, ambayo piano zake zinapigwa kwenye kumbi kubwa za muziki duniani, ilianzia jikoni? Heinrich Steinweg alizaliwa 1797 katika kijiji cha Wolfshagen, kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Alijifunza useremala, akahamia mji mdogo wa Seesen, akamwoa Juliane Thiemer mwaka 1825, na watoto wakajaa nyumba. Mwaka 1836 aliunda piano yake kubwa ya kwanza humo humo jikoni, na hadi leo inajulikana kama “piano ya jikoni”. Mtu wa kumpa pole ni Juliane: sufuria upande huu, randa na vumbi la mbao upande ule.

Meli iliyowapeleka Marekani haikumaliza mwaka. Baada ya vurugu za kisiasa za 1848 biashara ilizorota Ujerumani, naye Karl, mmoja wa vijana wa Heinrich, akatangulia New York kuangalia mambo. Mwaka 1850 wazazi na ndugu zake wakamfuata kutoka Hamburg kwa Helene Sloman, meli ya kwanza ya mvuke ya Kijerumani kuvuka Atlantiki. Walishuka salama mwezi Juni. Ilipofika Novemba, meli hiyo ilivunjwa na dhoruba baharini na kuzama. Mtoto wa kwanza, Theodor, alikuwa amebaki nyumbani kuendesha karakana ya baba.

Heinrich alifika akiwa na miaka 53 na jina lake la ufundi, lakini hakufungua duka. Kwa miaka mitatu yeye na wanawe walifanya vibarua kwa watengenezaji wengine wa piano, wakijifunza wateja wa Marekani wanapenda nini. Ndipo tarehe 5 Machi 1853, siku ambayo kijana wake William alitimiza miaka 18, wakaanzisha kampuni yao katika mtaa wa Varick, Manhattan, kwa jina lililofanywa la Kiingereza: Steinway & Sons.

Piano ya kwanza ya kampuni hiyo haikuwa namba 1. Ilikuwa namba 483, kwa kuwa mzee alizihesabu pia 482 alizounda Ujerumani. Iliuzwa dola 500.

Jina la kampuni liliwataja wana tu, lakini inasimuliwa kwamba Doretta, binti wa kwanza, ndiye aliyekuwa muuzaji hodari. Mteja akisitasita, Doretta alimwahidi kumfundisha kupiga piano bure. Wengi walinunua.

Ukitaka kuona kazi ya Henry mdogo, mwana mwingine wa Heinrich, chungulia ndani ya piano kubwa yoyote ya siku hizi. Nyuzi nene za besi zimepita kwa mshazari juu ya zile nyembamba. Hataza ya mpangilio huo kwa piano kubwa aliipata 1859. Faida yake ni kwamba nyuzi ndefu zaidi zinaenea katika sanduku lile lile, na sauti inajaa. Mwenyewe hakuishi kufaidi: alifariki 1865, na Karl, ambaye Marekani alijulikana kama Charles, akafa mwaka huo huo. Theodor akalazimika kuuza sehemu yake ya biashara ya Ujerumani na kuvuka bahari kumsaidia baba.

Na ni Theodor aliyeleta jambo ambalo mtu akilitazama kiwandani hasahau. Ubavu uliopinda wa piano hauchongwi. Mbao nyembamba ndefu za mti wa mepo hupakwa gundi na kulaliana tabaka kwa tabaka, kisha kundi la mafundi hulibeba fungu zima na kulikunja kuzunguka kalibu, wakivuta, wakisukuma na kukaza vibano kwa haraka. Gundi haingoji mtu.

Je, wajua kwamba ndugu wa Steinway waliwahi kuvamiwa? Julai 1863 New York iliwaka fujo za kupinga uandikishaji wa lazima jeshini, fujo ambazo Wamarekani Weusi wengi waliuawa ndani yake. Umati ulipofika kiwandani, Charles alitoka kuzungumza nao na kuwapoza kwa pesa. William ameyaandika hayo katika shajara aliyoanza 1861 na kuiendeleza mpaka 1896, mwaka wa kifo chake.

Mzee Heinrich alifariki 1871, na William akageuka kuwa zaidi ya mtengeneza piano. Huko Queens alijenga mji mzima wa wafanyakazi: kiwanda cha kusubu chuma, kiwanda cha mbao, nyumba, shule, kanisa na maktaba. Alifanya hivyo kwa wema, ndiyo, lakini pia kwa kuwa alitaka kuwatenga wafanyakazi wake na wachochezi wa migomo ya Manhattan. Mwaka 1888 aliingia ubia na Gottlieb Daimler kuunda injini Marekani. Pia alishiriki kuanzisha bustani ya starehe ufukweni, mahali ambapo leo pana uwanja wa ndege wa LaGuardia. Njia ya chini ya mto aliyoianzisha 1892 ilikwama baada ya mlipuko ulioua watu, ikaja kukamilishwa na wengine. Treni za chini ya ardhi za New York zinaitumia hadi leo, nayo bado inaitwa kwa jina la Steinway.

Pwani yetu nayo imo katika historia ya piano za Marekani. Vibao vyeupe vilivyobandikwa juu ya funguo zake vilitokana na pembe za ndovu, na pembe laini za Afrika Mashariki ndizo zilizopendwa kuliko zote. Wapagazi walizibeba kutoka bara, wakipita Tabora hadi Bagamoyo, kisha zikavushwa Unguja na kupakiwa melini. Katika miji ya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, zilikatwa vipande vyembamba na kuanikwa kwenye nyumba za vioo hadi jua lizing'arishe. Nchini Marekani, Steinway waliachana na pembe kwenye miaka ya 1950.

Vita Kuu ya Pili iliwakuta wakiwa na viwanda pande zote mbili. Kile cha New York kilitengeneza sehemu za ndege zisizo na injini za jeshi la Marekani, pamoja na piano zilizopakwa rangi ya kijeshi kwa ajili ya askari. Kile cha Hamburg, kilichofunguliwa 1880, kililazimishwa kuhudumia jeshi la Ujerumani, kisha kikapigwa na mabomu ya upande ambao ndugu zao waliutengenezea ndege.

Familia iliuza kampuni 1972. Miaka mitatu baadaye mahakama ya Marekani iliwazuia watengenezaji wa piano wa Braunschweig, Ujerumani, warithi wa washirika waliouziwa na Theodor, wasitumie nchini Marekani jina la Grotrian-Steinweg, ingawa Steinweg ndilo jina aliloondoka nalo mzee Seesen.