Ngome ya Mawe Isiyo na Simiti

Ukimwuliza mtu hapa Kianjokoma habari za ngome ya kale, atakujibu, "Fort Jesus ya Mombasa." Ni kweli, Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Lakini Kenya iko na nyingine, iliyojengwa na wenyeji wenyewe yapata miaka 500 iliyopita. Ni Thimlich Ohinga, kwenye mteremko wa kilima huko Migori. Kwa Kijaluo, ohinga ni boma la ukuta, na thimlich ni msitu mnene wa kutisha.

Ilijengwaje?

Kuta zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na unene wa mita 1 hadi 3. Hakuna simiti wala udongo wa kushikanisha. Mawe makubwa yalipangwa upande wa nje na wa ndani, katikati yakajazwa madogo, hata kila jiwe likashikwa na mwenzake. Milango ni ya chini, adui aingie ameinama. Ndani mlikuwa na nyumba na mazizi, watu na ng'ombe walale salama.

Imedumu vipi?

Waliojenga walihama, wengine wakaja, nao wakahama. Lakini kila waliokuja walitengeneza palipobomoka badala ya kuanza upya. Watu wa mwisho waliondoka mwanzoni mwa karne ya 20. Basi vichaka vikamea, mizizi ikasukuma mawe, na kuta zikaanza kuanguka. Mwaka 2000 ngome iliwekwa katika orodha ya dunia ya majengo yaliyo hatarini. Makumbusho ya Taifa na wenyeji wakaendelea kuitunza, na mwaka 2018 UNESCO ikaitangaza kuwa Urithi wa Dunia.

Sisi tujifunze nini?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa milimani tunajua: tuta la shamba likivunjika mahali pamoja tu, mvua ya Aprili hubeba udongo wote. Ukuta usio na simiti ni vivyo hivyo. Ukitoa jiwe moja ukajengee jiko, umelegeza kumi.

Kwa hivyo, ukitembelea mahali pa kale, usipande ukutani wala usibebe jiwe. Tena sheria ya mwaka 2006 inakataza kuharibu turathi za kitaifa. Na hapa kwetu, tuwaulize wazee mapema ni mahali gani paliheshimiwa na kwa nini, kabla trekta halijafika.