Majina ya Miji ya Uturuki katika Sentensi za Kila Siku: Fundisho kwa Mfasiri wa Kiswahili

Huenda mada hii ikaonekana ndogo, kwa kuwa jina la mji ni jina tu, na kazi ya mfasiri ni kulihamisha lilivyo. Hata hivyo, afasiriye kutoka Kituruki hugundua upesi kwamba jina humjia likiwa na mkia. Asipoutambua mkia huo, humzulia msomaji wake mji usiokuwako.

Tuzingatie sentensi tatu. Mturuki husema Ankara'da oturuyorum, yaani 'Ninakaa Ankara'. Ankara'ya gidiyorum, 'Ninakwenda Ankara'. Na Ankara'dan geliyorum, 'Ninatoka Ankara'. Katika Kiswahili jina halikubadilika hata mara moja, kwani uhusiano wa mahali umebebwa na kitenzi. Katika Kituruki jina nalo sharti lipokee kiambishi tamati: -da cha kuwapo, -ya cha kuelekea na -dan cha kutoka. Tena, irabu ya kiambishi hufuata irabu ya mwisho ya jina, na y haihitajiki baada ya konsonanti. Ndiyo maana husemwa İzmir'de, İzmir'e na İzmir'den. Kufuatana huko kwa irabu si kugeni kwetu: piga huzaa pigia, lakini soma huzaa somea.

Katika maandishi, ritifaa hutenga jina na kiambishi. Katika mazungumzo ritifaa haisikiki, na mkalimani aweza kuandika 'Izmire' akidhani ni mji. Kosa hilo likiingia katika anwani au hati ya safari, madhara yake huvuka mipaka ya sarufi. Kinyume chake pia ni hatari. Antalya huishia na -ya, na Niğde huishia na -de, ilhali silabi hizo ni sehemu ya jina lenyewe. Ndiyo maana Waturuki husema Antalya'ya na Niğde'de. Akataye kwa pupa hubaki na kipande cha mji.

Kosa jingine ni kudhani kwamba -da hulingana na -ni yetu, na hivyo kuandika 'Ankarani'. Twasema nyumbani na sokoni, lakini jina mahususi la mji ni mahali tayari. Ushahidi umo katika upatanisho: 'Ankara kuna baridi', kama vile 'Mombasa kuna joto'. Pale ambapo -ni imo, kama katika Forodhani na Darajani za Unguja, imekwisha kuwa sehemu ya jina.

İstanbul lenyewe lina historia ya namna hiyo. Wataalamu wengi hulinasibisha na maneno ya Kiyunani yenye maana ya 'kuelekea mjini': neno la mwelekeo limemezwa na jina.

Basi kanuni yetu ni hii: kwanza jina lithibitishwe katika ramani, kisha mkia uondolewe, ndipo kitenzi cha Kiswahili kichaguliwe kubeba maana iliyokuwa mkiani.